Kalibu za CNC: Nani atabaki na faida ya bampa?

BIASHARA ya sehemu za bodi za magari katika Afrika Mashariki imezoea njia moja. Mfanyabiashara anaagiza bampa, madigadi, spoila na sketi za pembeni kutoka Dubai, Japani au China, mzigo unashushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha malori yanausambaza hadi Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi. Njia hiyo haijafungwa. Lakini ipo njia ya pili inayostahili kupigiwa hesabu: sehemu hizo kutengenezwa humu humu kwa faibaglasi, kutokana na kalibu iliyochongwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, maarufu kama CNC.

Jambo hili halimhusu fundi peke yake, kwani linabadilisha kile kinachovuka mpaka. Badala ya makasha makubwa ya bampa, kinachosafiri ni mapipa ya resini, marobota ya nyuzi za kioo, kalibu zenyewe na wakati mwingine faili la kompyuta lisilo na uzito wowote. Mwenye kalibu na faili ndiye mwenye uwezo wa kupanga bei. Asiye navyo anabaki kugombania nauli na faida ya rejareja.

Kalibu inavyopatikana

Kalibu, au moldi kama mafundi wengi wanavyoiita, ni umbo la ndani ambalo nyuzi za kioo na resini hulazwa ndani yake mpaka zikauke na kutoka zikiwa bampa. Ili kupata kalibu, ni lazima kwanza pawepo umbo la nje linalofanana na bampa yenyewe. Umbo hilo linaweza kuitwa dume, na kalibu ni jike lake.

Kwa miaka mingi fundi wa bodi amelitengeneza dume kwa mkono, kwa mbao, sponji ngumu, puti na msasa, au ameazima bampa halisi na kuipiga chapa. Tatizo la mkono ni kwamba upande wa kulia haulingani sawasawa na wa kushoto, na matundu ya kufungia hayakutani na vishikio vya gari. Fundi hulazimika kukata na kuziba kila bampa wakati wa kuifunga. Kazi hiyo haiwezi kuuzwa kwa mteja aliyeko mji mwingine, achilia mbali nchi nyingine, kwa kuwa bila fundi yule yule bampa haikai.

Hapo ndipo CNC inapoleta tofauti. Gari hupimwa kwa skana, umbo huchorwa kwenye kompyuta, na mchoraji anaweza kuchora nusu moja tu kisha programu ikaigeuza kupata nusu ya pili iliyo sawa kabisa. Programu nyingine hugeuza mchoro kuwa maelekezo ya mwendo wa ncha ya kukatia. Mashine huchonga sponji ngumu au ubao wa MDF, kwanza kwa kuondoa nyama nyingi, kisha kwa ncha ya duara inayopita mistari iliyokaribiana ili kulainisha uso. Dume hupakwa koti gumu, hupigwa msasa na kung'arishwa, hupakwa nta ili kalibu isigande, ndipo gelikoti na tabaka za nyuzi za kioo zinapolazwa juu yake.

Kazi ya mkono haijaisha, na msasa, nta na ulazaji wa nyuzi bado ni vya fundi. Kilichohamia kwenye mashine ni vipimo. Bampa ikiwa na vipimo vinavyojirudia, mteja wa Mwanza anaweza kununua kilichotengenezwa Nairobi akakifunga bila kumwita aliyekitengeneza. Bila hilo hakuna biashara ya kuvuka mpaka.

Teknolojia si ngeni

Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani ilionyesha mashine ya kukata vyuma inayoongozwa kwa namba mwaka 1952. Katika ukanda huu, Kenya ilianza mapema. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kubuni gari la nchi, na magari ya mfano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani mwaka 1990. Gari hilo halikuwahi kuingia sokoni, lakini mitambo ya mradi iliendelea chini ya jina la Numerical Machining Complex. Tanzania ina kituo cha Nyumbu, Kibaha, kilichobuni lori lenye jina hilo. Uganda ina Kiira Motors, ambayo chimbuko lake ni gari la umeme la Kiira EV lililoonyeshwa Makerere mwaka 2011.

Historia hiyo ina somo kwa mfanyabiashara. Ujuzi wa kubuni na kuchonga haukukosekana. Kilichokuwa kigumu ni kupata idadi ya wateja inayotosha kurudisha gharama za kuanzia.

Tangu wakati huo mashine zenyewe zimeshuka bei. Mashine za meza zinazotengenezwa China, hasa Jinan katika jimbo la Shandong, tayari zinakata milango, makabati na mabango katika karakana za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Meza ya kawaida ina upana wa milimita 1,300 na urefu wa milimita 2,500, hivyo dume la bampa ya gari dogo linaenea kwa urefu wake. Kina ndicho kinachobana: mashine nyingi za aina hii zilitengenezwa kwa ajili ya mbao bapa, na umbo refu hulazimika kukatwa tabaka kwa tabaka kisha kugandishwa. Uso wa mbele wa basi lenye upana wa karibu mita mbili na nusu nao hukatwa vipande.

Umeme pia ni suala la kuzingatia. Ukikatika wakati mashine inalainisha uso, mara nyingi huacha alama au kupoteza sehemu ya kuanzia, na kazi ya saa kadhaa hurudiwa. Mwenye oda anayetaka kujua kama karakana itatimiza ahadi aulize kwanza kuhusu umeme wa njia tatu na wa akiba.

Hesabu ya mzigo

Sababu kubwa inayoipa kalibu ya ndani nafasi ya kushindana ni umbo la bampa lenyewe. Bampa ni nyepesi lakini inakula nafasi.

Chukua kasha lenye urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kimo cha 50. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.54. Kwa ndege, ambako uzito wa kulipia hupatikana mara nyingi kwa kugawa sentimita za ujazo kwa 6,000, kasha hilo linalipiwa kama kilo 90, hata kama bampa iliyomo ina kilo tano. Kwa meli, kontena refu la futi 40 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 76. Kwa hesabu ya karatasi linabeba makasha 140, na kwa upakiaji halisi ni pungufu ya hapo. Nauli ya kontena zima, gharama za bandari na lori la kwenda bara hugawanywa kwa idadi hiyo ndogo.

Sasa linganisha na malighafi. Pipa la resini na marobota ya nyuzi za kioo ni mizigo mizito isiyo na hewa ndani yake. Nafasi iliyobeba bampa kumi na mbili inaweza kubeba malighafi ya kutengeneza bampa nyingi zaidi. Kadiri mteja anavyokuwa mbali na bandari, ndivyo tofauti hiyo inavyokuwa kubwa. Kwa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, kusafirisha hewa iliyomo ndani ya kasha la bampa ni gharama inayoanzia baharini na kuendelea hadi mzani wa mwisho barabarani.

Kwa msafirishaji, maana yake ni kwamba mzigo unabadilika badala ya kutoweka. Resini ya poliesta yenye staireni ni kimiminika kinachowaka moto, na katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari ipo chini ya namba UN 1866, daraja la 3. Hadina inayoigandisha, aina ya MEKP, ni peroksidi ya daraja la 5.2, ambayo haitakiwi kupata joto. Hadina hiyo ikichanganywa moja kwa moja na kobalti, kiongeza kasi kinachotumiwa kwenye resini, inaweza kulipuka. Anayekubali kubeba mapipa hayo pamoja na mzigo mchanganyiko bila karatasi za usalama anahatarisha dereva, lori na bima yake. Upande wa pili, msafirishaji mwenye vibali na gari linalofaa anaweza kudai nauli bora kuliko ile ya kubeba makasha ya bampa.

Hesabu ya kalibu

Kosa linaloweza kumgharimu mwekezaji ni kuanza na bei ya mashine. Mashine inaweza kukodiwa kwa saa. Hesabu ya kwanza ni idadi ya bampa zitakazotoka katika kalibu moja.

Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme kuskani, kuchora, kuchonga dume na kutengeneza kalibu moja ya faibaglasi kunagharimu dola 1,500 za Marekani. Tuseme pia kila bampa inahitaji dola 45 za malighafi na kazi, na inauzwa dola 90. Kila bampa inabakiza dola 45, hivyo bampa 33 hazijarudisha gharama. Faida inaanza na ya 34. Mteja akitaka kumi tu, kila moja inabeba dola 150 za kalibu, na hakuna biashara hapo isipokuwa kama mteja yuko tayari kulipia upekee.

Linganisha na kalibu ya chuma ya kudunga plastiki, kama zile zinazotengenezwa Huangyan, China. Tuseme inagharimu dola 40,000 na kila bampa ya plastiki inagharimu dola 12. Njia hizo mbili zinalingana kwenye bampa ya 1,167 hivi. Chini ya idadi hiyo faibaglasi ni nafuu. Juu yake chuma kinashinda, na kinaendelea kushinda daima. Kila mfanyabiashara aweke takwimu zake mwenyewe, lakini umbo la hesabu litabaki hilo hilo.

Hesabu hii inaonyesha soko liko wapi. Bampa ya kawaida ya gari linalouzwa kwa maelfu itaendelea kutoka kiwandani Asia, kwa kuwa kalibu yake ya chuma imekwisha jilipa. Nafasi ya karakana za ukanda huu ipo kwenye idadi ya makumi hadi mamia: nyuso za mabasi na matatu, sehemu za magari ya zamani ambazo hazitengenezwi tena, vifaa vya magari ya watalii, vizuia upepo juu ya kabini za malori, na bodi za bajaji na magari madogo ya umeme. Mwenye kampuni ya malori 40 ya aina moja ni mteja bora kuliko wapenzi 40 wa magari wenye magari 40 tofauti.

Kalibu ya faibaglasi nayo huchoka, na uso wake huharibika kwa kutumiwa mara nyingi. Ndiyo maana faili na dume vina thamani baada ya kalibu kuharibika: mwenye navyo hutengeneza kalibu mpya bila kuanza upya.

Mpakani: karatasi kabla ya lori

Mashine, kalibu na bampa haviingii katika kifungu kimoja cha forodha, na kuvichanganya ni kujitafutia kukwama. Vituo vya kuchongea vyuma vipo kifungu cha 8457, mashine za mbao na plastiki ngumu 8465, kalibu 8480, na bampa 8708.10. Ndani ya 8480, dume la mfano na kalibu ya plastiki vina vijifungu tofauti. Wakala wa forodha aelezwe ni kipi hasa kimo kwenye kasha.

Bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha zikivuka kati ya nchi wanachama, mradi zitimize Kanuni za Uasili za mwaka 2015. Bampa iliyolazwa Nairobi kwa resini ya China haiwi ya Kenya kwa sababu tu imetoka Nairobi. Kanuni mahsusi ya kifungu chake ndiyo isomwe, na risiti za malighafi zitunzwe. Kwa shehena isiyozidi dola 2,000 upo utaratibu wa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, lakini nacho hakiondoi sharti la bidhaa kuwa na asili ya ukanda.

Kwa wanaoelekea kusini, uanachama una uzito. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hivyo bampa inayotoka Mbeya kwenda Zambia kupitia Tunduma hutumia cheti cha SADC. Iliyotoka Kenya kwenda huko huko hutumia cha COMESA. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoingia Afrika Mashariki mwaka 2022, ipo katika jumuiya zote tatu.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza ni kalibu inayovuka mpaka kwa ajili ya kazi na kurudi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu uingizaji wa muda, usiozidi miezi 12, kwa dhamana. Anayeipitisha kalibu kama mzigo wa kawaida analipa kodi kwa kitu asichokiuza.

La pili ni thamani. Mnunuzi wa Arusha akimpa fundi wa Nairobi kalibu bila malipo, sehemu ya thamani ya kalibu hiyo hutakiwa kuongezwa kwenye thamani ya bampa anazoingiza. Huo ni utaratibu wa Shirika la Biashara Duniani unaofuatwa pia na sheria ya jumuiya. Hata kama ushuru ni sifuri, kodi ya ongezeko la thamani hukokotolewa juu ya thamani hiyo: asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, asilimia 16 Kenya. Mchoro uliofanywa katika nchi inayoingiza bidhaa hauongezwi. Mnunuzi anayechorewa faili kwao kisha kulipeleka karakana ya jirani ana unafuu halali.

Nani mwenye faili?

Ugomvi mkubwa katika biashara hii hauanzii kwa maofisa wa forodha. Unaanza pale mnunuzi aliyelipia kalibu anapokuta bampa ile ile inauzwa kwa mshindani wake. Kalibu ya mkono ilikuwa moja na ilionekana. Faili hunakiliwa kwa sekunde moja na kutumwa Kampala au Lubumbashi bila kupita mpakani.

Mkataba mfupi wa maandishi unatosha kuzuia mengi. Useme nani mwenye faili, dume na kalibu. Fundi anaruhusiwa kutengeneza ngapi na kumuuzia nani. Kalibu ikivunjika nani analipa. Na kama mnunuzi atakabidhiwa faili la mchoro lenyewe au maelekezo ya mashine tu. Maelekezo ya mashine yanafaa kwa mashine na ncha maalumu. Faili la mchoro ndilo linalomwezesha mwenye mali kuhamia karakana nyingine.

Upo pia mpaka wa kisheria. Kuweka nembo ya kampuni ya magari kwenye bampa ya karakana ni bidhaa bandia, na Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu mwaka 2008. Mzigo wa namna hiyo ukikamatwa, anayebaki nao mikononi ni mfanyabiashara na dereva.

Usalama nao ni sehemu ya bei. Nyuma ya bampa kuna mhimili na kipunguza mshindo, na katika magari mengi vihisi vya mfuko wa hewa vipo mbele. Karakana inayoondoa vitu hivyo ili umbo jipya likae inauza hatari. Kwa mabasi, Kenya ina kiwango cha KS 372 kinachohusu bodi, na chombo kilichobadilishwa umbo hukabiliwa na ukaguzi. Kwa masoko ya Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, bampa inaweza kufanana na ya Tanzania, lakini taa na dashibodi zina upande wake.

Yanayofuata

Uwezo wa kuchonga kalibu tayari upo katika miji mikuu ya ukanda huu, ingawa sehemu kubwa unatumika kwa milango na mabango. Kitakachouhamishia kwenye bodi za magari ni oda zenye idadi, na oda hizo ziko kwa wamiliki wa mabasi, malori na magari ya watalii wanaosoma kurasa hizi. Wamiliki watano wenye magari ya aina moja, hata kama wako nchi tatu tofauti, wakiunganisha oda zao wanapata bampa ya 34 mapema na kubaki na kalibu mikononi mwao.

Wasipofanya hivyo, mwingine atawaskania magari yao, atamiliki faili, na wao watarudi kununua bampa kwa bei atakayoipanga yeye.